Sentensi ya Boila

Mtu anayependwa na kila mtu hunichosha. Asali alikuwa mtu wa namna hiyo. Alipoanza kazi ofisini kwetu, hata mlinzi wa mlango wa chini, ambaye mimi nimemsalimia miaka nenda miaka rudi akinijibu kwa kidevu, aliinuka kumpokea mkoba. Jina hilo la Asali tulimpa wenyewe juma lake la kwanza, kwa sababu ya ulimi wake, naye akalipokea kwa kicheko kama aliyepewa zawadi. Mimi wananiita Dada Pilipili, na hakuna aliyeniuliza kama nalitaka.

Kazi yetu ilikuwa kutunga kamusi. Ofisi ilikuwa ghorofa ya pili, juu ya duka la rangi, kwa hiyo maneno yote ya lugha yetu, ya heshima na ya aibu, yalinuka tapentaini. Muda hatukuuhesabu kwa miaka, tuliuhesabu kwa herufi. Mimi niliajiriwa tukiwa kwenye B. Mama yangu alifariki tukiwa kwenye H. Asali alikuja tumeshafika M, kazi ngumu imeshafanywa na wenzake, akavuta kiti akakaa dirishani penye upepo, mahali ambapo mimi nilikuwa nasubiri pawe wazi tangu D. Hakuuliza kama pana mwenyewe, na hakuna aliyemwambia.

Maana za maneno aliziandika mkubwa wetu, Mzee Nukta, aliyeitwa hivyo kwa kuwa alichukia mkato na kupenda nukta. Sentensi ndefu ikipita mikononi mwake ilitoka ikiwa vipande vitatu. Sisi wengine tulitunga mifano, zile sentensi zinazokaa chini ya maana ili msomaji alione neno likifanya kazi. Neno moja, mfano mmoja. Kitabu kilikuwa kimeshanenepa, hapakuwa na nafasi ya mapacha.

Kila Alhamisi tulikusanyika kwenye meza moja, watu watano, na Mzee Nukta akazisoma sentensi zetu kwa sauti isiyopanda wala kushuka, bila kutaja ya nani. Aliyesikiliza alisema "inapumua" au "haipumui". Ilitosha "haipumui" moja tu yenye sababu, sentensi ikazikwa. Mtunzi hakuruhusiwa kuitetea ya kwake, hata kwa kukohoa. Na sentensi ikishazikwa, haikuweza kufufuliwa na mtu yeyote isipokuwa mdomo uleule ulioizika. Sheria hizo tulizishika kama dini, ingawa kusema kweli kila mmoja pale mezani aliitambua sentensi ya mwenzake kama unavyoitambua chafya ya mtu wa nyumbani kwako.

Sentensi zangu hazikuwa na kosa. Hilo hata anayenichukia atalikubali. Kwenye neno *nuna* niliandika: "Mtoto yule alinuna kwa sababu alinyimwa pipi." Sarufi safi, maana wazi, mtu yeyote ataelewa. Mzee Nukta akasoma na nyingine: "Alinuna hata picha yake ya harusi ukutani ikaonekana imenuna." Shangazi, mama mtu mzima anayeshughulikia matamshi, ambaye sote tunamwita hivyo ingawa hana undugu na yeyote, alicheka mpaka akavua miwani. Fundi, anayepanga kurasa, akaizika ya kwangu kwa sababu fupi: pipi hizo tumezila tangu B na meno yameanza kuuma. Nami nikacheka, maana ungefanyaje. Asali alikuwa anatazama dari, akijifanya hamnazo.

Ikawa hivyo herufi kwa herufi. Nilifika mapema, nikaondoka wa mwisho, nikaandika sentensi nne kwa kila neno ili nimpe Mzee Nukta uchaguzi. Asali alifika na moja tu, aliyoiokota njiani, na yake ndiyo ikapumua.

Haya ya ofisini ningeyameza. Lakini Asali aliingia mpaka nyumbani kwangu.

Tukiwa kwenye R nilishikwa na homa, na Mzee Nukta akamtuma Asali aniletee kadi za maneno nizipitie nikiwa kitandani. Aliyemfungulia mlango ni baba yangu. Baba naishi naye tangu mama alipofariki. Macho yake yamefifia, anaona mwanga na kivuli, lakini pua yake ni ileile. Ukimpa kipande cha sabuni atakinusa, atakibonyeza kwa ukucha wa kidole gumba, atakwambia kimetolewa mapema kabla hakijakauka. Maneno yake ni machache. Ukiniuliza siku nzima baba amekwambia nini, nitakujibu: amesema "hmm", kisha akasema "sawa".

Jioni ile nilisikia kicheko sebuleni nikadhani ni redio. Nilipopata nguvu ya kujikokota mpaka mlangoni, nikamkuta baba yangu amevua kiatu kimoja, anajifuta machozi ya kucheka kwa mkono wa shati, na mbele yake amekaa Asali na ule ubao wa drafti uliokuwa juu ya kabati tangu mama yuko hai. Kete baba alizitambua kwa kupapasa. Waliponihisi nimesimama pale, wakanyamaza ghafla kama watoto waliokamatwa na sukari mdomoni. Nikauliza mnacheka nini. Baba akasema, "Hmm." Asali akasema, "Mzee wangu ananifunga tu, dada."

Mzee wangu. Nililigeuza hilo neno "wangu" kichwani usiku kucha, na homa ikapanda.

Tangu siku hiyo alikuja kila Jumamosi. Mimi ndiye ninayemtia baba dawa ya macho asubuhi na jioni, ninayemkata kucha, ninayejua upande gani wa mgongo unamsumbua mvua ikikaribia. Asali alikuja mikono mfukoni, akasukuma kete, akachota kicheko chote cha nyumba akaondoka nacho. Nikiwa jikoni nilimsikia baba akiongea. Sentensi nzima nzima, ndefu, moja inashika mkono nyingine. Nikiingia na chai, maneno yanakatika. Roho iliniuma. Kutafuta maneno ndiyo kazi yangu, na kwa hili sikupata jingine. Iliniuma, basi.

Kisha tukafika T.

Neno *taifisha* lilikuwa langu. Sikupewa na Mzee Nukta, nilizaliwa nalo. Baba yangu alikuwa na kiwanda cha sabuni alichoachiwa na babu. Nilipokuwa mtoto, ukisimama uani kwetu uliona bomba lake la moshi juu ya mapaa, na nguo za nyumba yetu zote zilinukia sabuni mbichi. Nilipokuwa na umri wa miaka saba, serikali ilikitaifisha. Alikuja ofisa mwenye mkoba na kufuli jipya, wafanyakazi wakaitwa uani wakasomewa tangazo, baba akakabidhi funguo. Akarudi nyumbani kwa miguu, akapita katikati yetu bila kumtazama mtu, akaingia chumbani akajifungia. Hakutoka jioni ile, wala kesho yake mchana. Mama alitukataza kugonga. Mimi nilikaa nje ya mlango, nimeegemea mbao, na kwa ndani nikasikia sauti nzito ya kukatika katika. Nikajua baba yangu analia. Nilikuwa sijawahi kumsikia analia, na nikaapa palepale sitamwacha mtu yeyote asahau jambo hilo.

Sikumwacha mtu asahau. Shuleni niliwaonyesha wenzangu bomba la moshi nikawaambia lile ni letu. Ukubwani, wageni wakija, nilisimulia habari ya funguo na mlango, na baba akiwa amekaa palepale. Alitoka kuwa mwenye kiwanda akawa karani wa stoo ya shule, mtu wa kuhesabu ndoo na mafagio, wa kurudi nyumbani jua lingali juu kwa sababu hana cha kumchelewesha. Nikisimulia, yeye aliinamisha kichwa akasema, "Hmm." Nilijua hiyo "hmm" ina uzito gani. Au niseme, nilidhani najua.

Kwa hiyo T ilipofika, nilitaka kitu kimoja tu. Nilitaka sentensi ya *taifisha* iwe ya kwangu, ikae kwenye kamusi iliyochapwa, nimsomee baba. Asali achukue *tabasamu*, achukue *tamu*, achukue hata *tumbili*. Hilo moja aniachie.

Nikaanza kuandika. "Serikali imetaifisha viwanda vyote vikubwa." Hiyo ni tangazo la redio, nikaichana. "Mabenki yalitaifishwa mwaka uleule." Hiyo ni mtihani wa historia. "Wananchi walishangilia migodi ilipotaifishwa." Wananchi gani, wamesimama wapi, nani aliwaona? Niliandika nyingine ambamo serikali inataifisha mashamba, na nyingine ambamo inataifisha reli, mpaka nikachoka kuwanyang'anya watu mali. Zote zilikuwa sahihi. Nilisikia Fundi akiniambia habari ya pipi hata kabla hajafungua mdomo.

Jumamosi kabla ya meza ya T, nikiwa natia chai kwenye vikombe, nilimsikia baba akiuliza kama tumefika T. Alimuuliza Asali. Mimi naishi naye nyumba moja, nalala ukuta wa pili, na swali la kazi yangu analiuliza mgeni. Asali akamwambia Alhamisi inayokuja. Kisha wakanong'ona, kisha wakavunjika mbavu kwa kucheka. Nikaingiza chai ikiwa haina sukari na sikurudi kuileta.

Usiku wa Jumatano ndipo nilipoipata. Niliacha kuiandikia serikali, nikamwandikia yule mtoto wa nje ya mlango. "Siku walipotaifisha kiwanda, mwenye kiwanda alijifungia chumbani na mtoto wake akalala mlangoni." Nilipoisoma kwa sauti nikajua hii inapumua.

Alhamisi tulianza na *tafsiri*, tukapita *tahadhari*, tukafika. Mzee Nukta akachukua kadi ya kwanza akasoma, kwa sauti yake ileile ya kusoma bei za sokoni: "Walipokuja kutaifisha kiwanda, mwenye kiwanda aliuliza kama wanachukua na boila."

Shangazi alianza. Mabega yalimtikisika, miwani ikatoka. Fundi akapiga meza kwa kiganja. Hata Mzee Nukta mdomo ulimchezacheza upande mmoja, na akairudia, jambo ambalo hafanyi. Wakasema inapumua, mmoja baada ya mwingine, na zamu ikanifikia mimi.

Niliona ni baba yangu anachekwa. Boila, lile pipa la chuma la kuchemshia maji yawe mvuke, kila kiwanda cha sabuni kinalo, na Asali alijua habari za kiwanda chetu, nani asiyezijua, nimezisimulia mwenyewe pale ofisini mara ngapi. Amekula chakula changu, amekunywa chai yangu, kisha amekichukua kidonda cha nyumba yangu akakifanyia mzaha ili Shangazi avue miwani.

"Haipumui," nilisema.

Mzee Nukta akaniuliza sababu.

"Mtu anayenyang'anywa kiwanda hafanyi utani. Aliyeiandika hajawahi kunyang'anywa kitu maishani mwake."

Asali alinitazama, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue ulimi wake haukuwa na kitu juu yake. Alifungua mdomo. Kisha akaufunga, kwa sababu mtunzi hatetei ya kwake, akakitazama kidole chake kikifuata ufa wa mbao. Mzee Nukta akaigeuza kadi kifudifudi. Imezikwa.

Akasoma ya kwangu. Safari hii hakuna aliyecheka. Shangazi alisema inapumua kwa sauti ya chini, Fundi akatikisa kichwa kukubali, Mzee Nukta akataka kuikata vipande viwili kisha akaiacha nzima. Ikabaki zamu ya Asali. Alikuwa na nafasi ya kunilipa palepale kwa neno moja. Nilimtazama usoni nikimngoja alitoe.

"Inapumua," akasema.

Na hata hilo lilinikera. Nilitaka ashindwe, hakutaka kushindana.

Nilirudi nyumbani miguu haigusi chini. Baba alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha. Nikavua viatu, nikapiga magoti mbele yake kama mtoto anayeleta ripoti ya shule, nikamwambia leo tumepitisha *taifisha*, na mfano uliopita ni wa binti yako. Nikamsomea.

Nilingoja "hmm". Haikuja. Aligeuza uso upande ilikotoka sauti yangu, akauliza:

"Na ile ya boila, waliikataa?"

Nikamuuliza boila gani.

"Ya Asali. Nilimpa mwenyewe. Nikamwambia mkifika kwenye *taifisha* weka ile."

Nikaketi sakafuni kabisa. Na baba yangu, mtu wa "hmm" na "sawa", akaanza kusema. Alisema kiwanda hakukitaka. Babu alikufa, kaka zake wawili walikuwa wamekwishaondoka kwenda kutafuta maisha yao, kikamwangukia yeye. Boila lenyewe lilikuwa zee kuliko yeye. Lizime, kesho halitawaka. Liache linawaka, lazima mtu akae mbele yake usiku kucha atazame mshale wa kipimo cha mvuke, na ukipanda afungue koki. Aliwahi kumwajiri mtu wa kukesha. Mtu yule alisinzia, akaungua mkono wote na shingo. Baada ya hapo baba alikaa mwenyewe. Miaka yote ile, kabla sijazaliwa na baada ya kuzaliwa, alilala kwenye kiti, jicho moja kwenye mshale. Mama alikuwa anampelekea chakula cha jioni kwenye bakuli.

Akaja ofisa na mkoba wake. Baba alimsikiliza mpaka mwisho, mbele ya wafanyakazi, kisha akamuuliza mnachukua na boila. Ofisa akapekua karatasi zake, akasema ndiyo, na boila limo. Baba akamuuliza tena, apate uhakika. Hapo akatoa funguo zote, pamoja na za akiba ambazo hawakujua kama zipo, akamshika ofisa mkono, akarudi nyumbani.

"Ulikuwa unalia chumbani," nilisema. "Nilikusikia mwenyewe."

"Nilikuwa nakoroma."

Alisema hivyo taratibu, bila kucheka, kwa sababu alijua ananivunjia kitu. Nami nilikaa pale na miaka yangu yote ya kusimulia habari ya funguo na mlango. Nikaona wageni wote walionisikiliza wakinung'unika kwa huruma, na baba ameinamisha kichwa. Nilimuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema nilikuwa mdogo. Nikamwambia sasa nina mvi.

"Ulipokua ulikuwa na hasira," akasema. "Ukaipenda sana hasira yako, mama." Huniita mama, kwa kuwa nimechukua jina la mama yake. "Nikaona kiwanda wamechukua, sasa na mimi nikuchukulie hasira yako? Nikakuachia."

"Asali mbona ulimwambia?"

"Aliniuliza. Wewe hukuwahi kuniuliza. Wewe ulikuwa unanisimulia mimi."

Sikula usiku ule. Na msinielewe vibaya, wivu haukuniisha. Ulizidi. Hapo mwanzo nilimwonea Asali wivu kwa kicheko. Sasa nilijua amepewa baba mzima, baba mwenye boila na usingizi, na mimi nilikuwa nimebaki na yule wa kujitungia. Ijumaa ofisini sikumtazama. Jumamosi alipogonga, nilifungua mlango nusu nikamwambia mzee amelala. Kutoka ndani sauti ya baba ikauliza kwa nguvu ni nani huyo mlangoni. Asali akatazama viatu vyake, akasema basi atapita siku nyingine, na akashuka ngazi kweli. Baba aliupanga ubao wa drafti akacheza mwenyewe, mkono wa kulia dhidi ya wa kushoto. Nilimsikia kutoka jikoni akisukuma kete, na hapakuwa na kicheko.

Fundi alitakiwa kufunga kurasa za mwanzo za T Ijumaa iliyofuata. Nikinyamaza Alhamisi moja tu, sentensi yangu ingechapwa, ingesomwa na watoto wa shule ambao hata hawajazaliwa, na hakuna ambaye angejua chochote isipokuwa watu watatu, wawili kati yao hawasemi. Sentensi yenyewe haikuwa ya uongo. Mwenye kiwanda alijifungia kweli. Mtoto alilala mlangoni kweli. Nilijiambia hivyo nikipanda ngazi, nikajiambia tena nikivuta kiti.

Mzee Nukta alipouliza, kama anavyouliza kila mara kabla ya kuanza, kama kuna mtu mwenye la nyuma, nilisikia mdomo wangu unajibu.

"Nafufua ile ya boila."

Shangazi alivua miwani bila kucheka. Jambo hilo sikuwahi kuliona tangu B. Mzee Nukta aliitafuta kadi, akaigeuza uso juu, akaniuliza sababu.

"Nimemuuliza mwenye kiwanda," nikasema. "Ndivyo alivyosema."

Mzee Nukta akaziweka kadi mbili ubavu kwa ubavu, akasema neno moja, mfano mmoja, sasa itolewe ipi. Asali akaharakisha kusema ibaki ile ya mlangoni, ni nzuri kuliko ya boila. Alimaanisha. Ndiyo tabia yake, hata kutoa anataka kukushinda. Nikahisi pilipili yangu yote imepanda kooni.

"Toa ya mlangoni," nilisema. "Aliyeiandika alikuwa nje. Hakuona kitu."

Mzee Nukta akaichukua kadi yangu, akaikunja mara moja, akaitia kwenye kopo la maneno yaliyokataliwa. Tukaendelea na *tajiri*.

Jioni sikumletea baba ripoti yoyote. Nilivuta kiti, sikumbuki lini mara ya mwisho nilikivuta mbele yake, nikamuuliza lile boila lilikuwa linatoa sauti gani. Alishtuka kidogo. Kisha akanionyesha kwa mdomo, mluzi wa chini unaopanda, na akaeleza ukifika wapi mtu unaacha kiti chako. Nikauliza jingine. Chai ilipoa, hakuna aliyejali. Nikamuuliza, kwa kuwa nilikuwa sijabadilika sana, kama haya yote Asali anayajua.

"Mengi anayajua," akasema. "Ya boila nilimpa. Ya mlango sikumpa."

"Ya mlango ipi?"

Alipapasa mpaka akaupata ukingo wa meza, akaushika.

"Kesho yake niliamka. Nikashtuka, nikatafuta mshale uko wapi, nikakumbuka hakuna mshale. Nikaona kwa chini ya mlango vidole vya miguu yako. Ulikuwa unakwaruza mbao kwa ukucha. Nikataka kuinuka nikufungulie. Halafu nikawaza: huyu anakesha. Maisha yangu yote mimi ndiye niliyekuwa nakesha, na leo yupo mtu analinda badala yangu. Nikageukia ukutani nikalala tena. Usingizi ule wa pili, mama, ndio uliokuwa wenyewe."

Nilitazama mikono yake juu ya meza. Sentensi yangu ilikuwa ndani ya kopo, imekunjwa, na kurasa zinafungwa kesho.

"Na hilo hukumwambia Asali," nikasema.

"Kwani Asali alikuwepo?"

"Hakuwepo," nilisema, nikasogeza kiti karibu.